Namba ya Koti

Simu ililia saa nne asubuhi, Februari,
theluji ya Ostrava imeshageuka tope la kijivu barabarani.
Mzee Oldřich Vavrečka, mchimba makaa mstaafu,
alifungua ukurasa wa duka letu la dawa
aangalie vidonge vyake vya moyo.
Ukurasa ukamkaribisha: Habari za asubuhi, Bi Ludmila.

"Mimi si Ludmila," alisema, bila hasira,
kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa wenyewe
na anaogopa kumwangusha.

Nikafungua msimbo. Kikulacho,
kumbe, niliking'ata uzi mimi mwenyewe.

Mfumo wetu una ukarimu wa ajabu:
hakuna mtumishi anayejitafutia.
Akizaliwa tu anawekewa kiganjani anachohitaji,
huyu hifadhidata, yule orodha ya bei,
wala haulizi kimetoka wapi.
Nami wiki mbili nyuma, nikiwahi tramu,
niliandika kwamba mhudumu wa salamu
apewe kikao cha mteja.
Akapewa.

Ila mhudumu huyo huzaliwa mara moja,
seva inapoamka,
na hafi mpaka seva izimwe.
Kikao ni cha mpita njia:
ombi linabisha, linajibiwa, linakwenda zake.
Alfajiri ile wa kwanza kubisha alikuwa Ludmila.
Mhudumu akakikumbatia kikao chake, hakukiachia,
na kila aliyefuata
akavishwa Ludmila.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, sawa.
Na nguo usiyoiazima, uliyovishwa tu mlangoni?

Mama yangu alitunza makoti miaka thelathini na mmoja
kwenye ukumbi wa michezo ya kuigiza.
Makoti mia nne kila jioni,
yananuka sigara na kondoo aliyelowa.
"Usimpe mtu koti kwa sura," aliniambia.
"Mchezo ukiwa mzuri wanatoka wote wamevimba macho,
utamjua nani?
Na usilishike mkononi ukimngoja mwenyewe. Litundike.
Akija, muulize namba.
Kila mtu. Kila mara.
Hata mimi."

Basi nikampokonya mhudumu kile kikao.
Nikampa njia ya kuuliza tu, kidirisha kidogo:
ombi hili, la sasa hivi, ni la nani?
Aulize kwa kila salamu. Jibu asilihifadhi.
Niliandika mistari minne, nikafuta sita.

Usiku lakini kuna kazi ya kutuma barua za kukumbusha,
inajiendesha yenyewe, hakuna aliyebisha.
Mhudumu akauliza,
akajibiwa kwa maandishi mekundu: hapa hakuna mtu.
Nilitaka kuyanyamazisha.
Nikayaacha. Afadhali mlango unaokiri utupu
kuliko mlango unaokubunia mgeni.
Zile barua nikazipa njia yao nyingine.

Kesho yake mzee akapiga tena.
"Nimejiona," akasema. "Vavrečka, vidonge viwili kwa siku.
Asante."
Hakukata.
"Nilisoma mstari mmoja, nikufiche nini.
Dawa ile marehemu mke wangu aliinywa
mwaka wake wa mwisho.
Huyo mama, hajambo?"

Jina lake lote lilikuwa mbele yangu,
na mtaa, na namba ya nyumba,
kumbukumbu za seva hazina haya.
Kipanya kilikuwa na joto la mkono wangu.
"Siruhusiwi, mzee."
"Vizuri," akasema upesi. "Vizuri. Usiniambie."
Kisha, kama anayeongea na dirisha:
"Ila theluji hii. Sijui ana wa kumchukulia."

Nikafunga kumbukumbu.
Saa tano na dakika saba Ludmila alikuwa ndani,
chini ya jina lake mwenyewe,
akaagiza, akasita, hakugusa kitu tena.
Dakika thelathini za kimya zikapita
na kikao chake kikaisha
kama kinavyopaswa,
hakuna aliyekishika.