Faini ya Robo Dola

Kila Jumanne, saa kumi na mbili na nusu jioni,
theluji iwepo isiwepo,
tunakung'uta viatu mlangoni pa kituo cha zamani cha zimamoto,
tunabandika beji kifuani,
tunapanga foleni ya viazi vya kuponda.

Ukisahau beji, faini.
Ukipata mjukuu, faini.
Ukitajwa gazetini, hata kwa jambo jema, faini mara mbili.
Garnet Surette hupita na kopo la kahawa likilia kama njuga,
na hakuna anayesalimika.
Kasisi mwenyewe alilipa,
kwa kosa la kuhubiri dakika arobaini.
Kopo likijaa hugeuka kiti cha magurudumu,
au miwani ya watoto wa shule ya ng'ambo ya daraja.
Ndiyo kazi yetu. Imeandikwa kwenye bango.

Bango halisemi yote.
Nyuma ya mlango wa jikoni zimebandikwa karatasi,
kila moja na penseli yake ikining'inia kwa uzi:
Waangalia Ndege.
Karata za Jumatano.
Wapika Supu.
Watembezi wa Polepole,
na chini yake mtu ameongeza: Polepole Zaidi.
Divai na Jibini, majina yamefurika hadi pambizoni.
Wasoma Vitabu, ambao Ghislaine anaapa
hawajamaliza kitabu tangu majani yalipopukutika.
Wafumaji.

Mimi nilikuwa mtu wa karata.
Miaka kumi na mmoja nikitazamana na Hollis Amero, fundi bomba mstaafu,
tukibishana juu ya serikali, juu ya ua kati ya viwanja vyetu,
juu ya namna ya kuchemsha yai.
Odette alikuwa chumba cha pili na sindano zake.
Nilimsikia akicheka kupitia ukuta,
na sikuwahi kuuliza wanacheka nini.

Alikufa Februari.
Ardhi ilikuwa jiwe; tukangoja hadi Aprili kumzika.
Miezi hiyo yote Wapika Supu walikuja mlangoni,
hawakukaa, hawakusema mengi,
waliacha vyungu.
Shayiri. Mbaazi. Kuku.
Chini ya kila chungu, utepe wenye jina la mwenyewe.
Sasa wewe niambie,
utakaaje nyumbani na vyungu tisa vya watu?
Hivyo ndivyo nilivyorudi: si kwa moyo,
kwa kurudisha vyombo.

Nikaviweka mezani jikoni, nikageuka,
na pale ukutani, kwa Wafumaji, jina la tatu,
Odette, ile O yake pana kama sahani.
Hakuna aliyelifuta.
Nikashika penseli.
Ilikuwa butu. Nikaandika hivyo hivyo.

Kidole kimoja hakivunji chawa,
wala vidole vyangu kumi havikuweza kofia ya mtoto mchanga.
Ya kwanza ilitoka na kona.
"Mtoto hajui mshono," akasema Ghislaine,
akaifumua hadi mwanzo, akanirudishia uzi.
Garnet akanitoza robo dola kwa kutoroka karata.
Hollis akasema ingepaswa kuwa tano.
Nikajua basi walikuwa wanacheka nini:
walikuwa wanatucheka sisi.

Septemba hubandikwa karatasi mpya.
Ghislaine alinakili majina kwa kalamu ya wino,
na alipofika la tatu mkono wake haukusita.
Jioni ile Garnet akasoma orodha kwa sauti, jina kwa jina,
akafika hapo kabla hajajua anasoma nini,
na mdomo, kwa mazoea, ukatangulia:
"Hayupo. Faini."

Ukumbi ukanyamaza.
Garnet akawa mwekundu hadi shingoni.
Nikapapasa mfukoni, nikasimama,
nikamlipia.
Sarafu ikaanguka ndani ya kopo.
Tukaisikiliza ikizunguka, ikizunguka, hadi ikatulia.

Kisha Hollis akauliza
nani amekalia chumvi.