Kisigino Kisichofungwa

Torleif ameingia na skii zake begani,
theluji ya Machi imemganda ndevuni,
akazilaza juu ya meza yangu bila salamu
kama mtu aletaye mgonjwa aliyemficha siku nyingi.
"Ragnfrid," akasema, "nibadilishie vifungio."
Nikazima keekee. Nilidhani baridi imeniharibu sikio.

Maana huyu ndugu yangu, miaka thelathini,
hakuamini kitu ila misumari mitatu
na kibati kinachobana mdomo wa kiatu,
kile ambacho bonde zima hukiita mtego wa panya.
Wageni wakilicheka jina, yeye huwaambia:
"Panya ni mimi, na mtego ni wangu."

Mimi ni mtu wa kijiti cha chuma,
chembamba kama shazia ya kushonea magunia,
kilicholala chini ya ncha ya buti.
Unakanyaga, ta! Umeshikwa.
Unabonyeza kwa fimbo, umeachiwa.
Huinami, huvui glavu,
na chini ya soli reli mbili zinakuongoza
hata mguu uliochoka usipotee njia.
(Jirani yetu Oddlaug ana reli moja, pana, katikati.
Viatu vyake haviingii kwangu, vyangu haviingii kwake.
Tumeishi ukuta kwa ukuta miaka kumi
na hatujawahi kuazimana.)

Sitasema uongo: chuma changu kina aibu yake.
Mwaka ule, kati ya kibanda na kibanda,
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
nilivua skii nikaze kamba ya mkoba,
barafu ikaingia kinywani mwa kifungio
ikajaa, ikakaa, kama mgeni asiyejua kuaga.
Nikakanyaga, hakikulia.
Nikachokonoa kwa ufunguo wa nyumba,
nikapuliza hadi midomo ikafa ganzi,
mwisho nikamwagia kahawa yote ya chupa.
Torleif aliitazama kahawa ikizama thelujini,
akakung'uta kiatu chake mara moja,
akafunga misumari yake mitatu,
akaondoka akipiga mluzi.

Lakini mlima una upande wa pili.
Kwenye mteremko, chini ya majabali,
soli yake ya ngozi, laini kama mkate uliolowa,
ikateleza pembeni:
skii ikaenda kushoto, kisigino kulia,
na mwenyewe akapita katikati, kichwa mbele,
hadi ndani ya kichaka cha mireteni.
Hapo mluzi ulikuwa wangu.

Sasa goti lake la kulia ni la kutengenezwa,
na asiyeweza kuinama
hawezi kuilenga misumari
kwenye matundu matatu yaliyotanuka kwa uzee.
Hakunieleza haya. Nimeyajua
kwa jinsi alivyoegemea meza.

Naisimamisha skii juu ya makali ya rula,
natafuta mahali inapotulia isielemee upande:
hapo ndipo kitakapokaa kidole gumba.
Nafungua parafujo kuukuu. Chini ya kibati
nakuta viduara vya mbao, matundu yaliyozibwa,
ya baba, wa enzi za waya na springi;
na ubavuni, limejazwa nta, tundu pana la ukanda
alilolitoboa babu kwa kisu, upande mmoja juu kidogo,
kwa sababu alikuwa mtu wa haraka.

Wote hao, na hakuna aliyefunga kisigino.
Ugomvi wao wote ulikuwa juu ya ncha.

Nachonga vijiti vya mbetula, navichovya gundi,
napigilia polepole. Yeye anatazama dirishani.
"Huo mtego utupe," anasema.
Nautia kwenye mfuko wa aproni.
"Nimeutupa," namwambia.
"Haya, nenda kalete hivyo viatu vipya
ulivyovificha garini."