Vidole Vitatu

Magazeti yaliuita mtindo.
Walichora mishale kuonyesha njia ya kiwiko,
wakaukagua mkono wake wa kulia
kama wahunzi wanaokagua bawaba.
Mimi ni binti wa Bedřich, fundi wa mitambo.
Baba yangu ndiye aliyezima mashine.

Brno, mwaka wa thelathini na nne, zamu ya usiku,
kiwanda cha sufu kando ya mto Svitava.
Otylie Krausová ana miaka kumi na saba,
mrefu hata mlango wa bohari humwinamisha,
na anasinzia, maana mchana hakulala,
mchana alikuwa ukumbini na mpira.
Mashine haina macho. Ilichukua kidole cha mwisho,
ikachukua na cha pete.
Baba alisema hakulia. Aliuliza tu:
"Jumamosi tunacheza na Olomouc. Nani atanishikia nafasi?"

Siku zile wote walirusha kwa mikono miwili,
mpira kifuani, nyayo zimepigiliwa sakafuni,
kwa adabu, kama anayekabidhi sinia kwa mgeni.
Yeye hakuweza tena. Mpira ulimponyoka,
ukabingirika hadi chini ya benchi,
na huko roshani vijana wakacheka.
Kidole kimoja hakivunji chawa.
Vitatu je?

Majira yote ya baridi alikaa na ufunguo
aliopewa na bawabu kwa ahadi ya kufagia.
Makaa hayakutosha. Pumzi yake ilimtangulia.
Mkono mmoja, mpira umetua kiganjani
kama ndege asiyemwamini mtu,
kisha akaruka,
kwa sababu mkono peke yake haukuwa na nguvu
na ilibidi miguu iukopeshe.
Hivyo ndivyo ulivyozaliwa.
Si ujuzi. Ni deni.

Warszawa walisimama juu ya viti.
Budapest refa alisimamisha mchezo,
akafungua kitabu cha sheria, akakifunga:
hakuna mahali palipoandikwa
kwamba mwanamke asiruke.

Kisha vita. Ukumbi ukajaa magunia ya viazi,
na waliokuja kukusanya chuma
waling'oa hata vitasa.
Pete ya ubaoni hawakuikuta.
Alikuwa amekwisha kuipitisha mtaani usiku,
ndani ya koti, imemzunguka kiuno,
akitembea wima kama mjamzito.
Miaka sita ilining'inia nyuma ya kabati lake.
Walipomwuliza mbona hakuolewa,
alisema pete anayo,
ila kidole ndicho kilichokosekana.

Baadaye akawa mkufunzi. Wasichana arobaini,
wote wakirusha kama yeye, mkono mmoja, hewani,
na wote, Mungu wangu,
wamekunja vidole viwili vya mwisho!
Aliwapigia kelele: "Fungueni mkono!
Ninyi mnavyo vitano!"
Walidhani anawajaribu.
Wakakunja zaidi.

Alikufa Februari, ardhi ngumu kama sahani.
Wachimba kaburi walilipwa mara mbili.
Kwenye hotuba walitaja mabao, nishani,
walimtaja kuwa wa kwanza wa hiki, wa kwanza wa kile.
Kiwanda hakuna aliyekitaja.
Siku hizi ni maghorofa ya kukaa, yana lifti,
na bei zake zingemchekesha.

Alhamisi nilimsindikiza mjukuu wangu Květa mazoezini.
Sakafu ya buluu, taa nyeupe kama hospitali.
Ana miaka tisa, magoti yamejaa makovu.
Akaruka, akakunja vidole viwili, akarusha.
Nikamwuliza nani kamfundisha.
"Bibi, ndivyo unavyorushwa."
Uligonga chuma, ukatoka.
Akaufuata mbio, na mimi nikabaki kwenye benchi,
mkono mapajani,
nikikunja kimoja,
nikikunja na cha pete,
nikitazama kilichobaki.