Upande wa Pili Kwanza

Hita tuliizima kila tuliporekodi, Ilpo,
maana mngurumo wake uliingia kwenye maikrofoni
kama mgeni asiyebisha hodi.
Kemi nzima imeganda, na sisi tumo
ndani ya kiwanda cha maziwa kilichofungwa,
trei za mayai ukutani, blanketi la mama yangu mlangoni,
Onerva akiimba, mvuke ukimtoka kinywani
hata tukaliona kila neno kabla ya kulisikia.

Wewe na glavu zako zilizokatwa vidole.
Ulisema besi ni kama uji,
ukiukoroga kwa pupa unapata madonge.
Nikacheka, nikakosa pigo, tukarudia.
Tukarudia mara kumi na nne.
Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku,
vumbi la karatasi lingali nyusini,
mikono inapiga ngoma, mwenyewe nimelala.
Ile ya kumi na nne ndiyo iliyomo kwenye santuri.
Mwenye sikio atasikia, mwishoni kabisa,
kiti kikilia, nawe ukiuliza,
"Kahawa imebaki?"

Ulituambia ukiwa unakunja waya.
Mtoto anakuja Mei, ziara nayo ni Mei.
Duara juu ya duara ulizikunja, taratibu,
kama mtu asiyetaka tuzikute zimejisokota
siku ambayo hatakuwepo.
Hakuna aliyesema neno.
Onerva akaiwasha hita.

Santuri mia tano zikaja Aprili, theluji ikioza njiani.
Onerva alipasua boksi kwa ufunguo wa gari,
akatazama, akatukana, akatazama tena.
Lebo zimebadilishana!
Upande wa pili umeandikwa wa kwanza,
ule wimbo wa kuondoka ndio unaofungua albamu,
na sauti yako ikihesabu moja hadi nne
imesukumwa katikati,
mpaka mtu ainuke kitini aigeuze sahani.
Kutangulia si kufika, nikamwambia.
Akanirushia boksi tupu.
Kuzichapa upya ni pesa,
na pesa zilikwisha kuwa petroli.

Gari letu lilikuwa la mwoka mikate;
tulinukia hamira mpaka kusini.
Kajaani walikuja watu kumi na mmoja,
wanne wao ni bendi iliyotutangulia jukwaani.
Iisalmi mkanda wa injini ulikatika,
tukalala kituo cha mafuta, migongo kwenye spika.
Saku, aliyeshika besi yako, ana miaka kumi na tisa.
Hakukosea hata noti moja.
Hilo ndilo lililoniudhi.

Kisha Kuopio, msichana mwenye koti la mvua la njano
akapaza sauti kutoka nyuma: "Anzeni na kuondoka!"
Tukatazamana.
Kumbe anayo santuri, kaisikiliza kama ilivyomfikia,
na kwake mambo huenda hivyo:
kwanza mtu anaondoka,
halafu ndipo mtu anahesabu.

Tangu usiku ule tukapiga kinyumenyume.
Onerva alinuna mpaka Tampere, akaacha.

Turku walijaa. Sijui walitoka wapi.
Tulipofika kwenye wimbo wako
nilimtazama Saku ahesabu, Saku akatazama viatu vyake.
Onerva akajifanya anakaza nyuzi.
Kimya kikawa kirefu, kikaanza kunuka bia.
Wao wakahesabu, ukumbi mzima,
na ile tatu yako inayochelewa,
ile uliyoimeza ukizuia chafya,
wakaichelewesha vilevile.

Nilichelewa kupiga, Ilpo.
Nilikuwa naisubiri besi
ije kutoka upande wangu wa kushoto,
ikaja kutoka kulia.

Zimebaki thelathini na sita chini ya kitanda.
Marketta kaniambia mtoto hulala haraka
ukimchezea upande wenye kahawa.
Nimemwekea yake moja, nimeifunga kwa gazeti.
Lebo sijaigusa.