Pindo la Vidole Vinne

Mitindo ilikuwa inakuja kwa lori.
Ilitoka Dar ina afya zake, ikafika Ndundu,
ikakuta masika, ikalala kwenye tope wiki tatu
pamoja na mafuta ya taa na magunia ya sukari.
Ilipokwea mlima kuja kwetu Newala
ilikuwa imekonda, imepauka,
na huko ilikotoka walishaitupa.

Hata hiyo, mimi niliichelewa.

Mama alinishonea gauni moja, tetroni ya kijani,
kwa Fundi Nambunga, pale Luchingu.
Akamwambia: kata kubwa, mtoto huyu anakua.
Akamwambia: chini pinda vidole vinne,
pinda tena, halafu pinda tena.
Mabega ya gauni yalinifika viwikoni.
Kwapani angeweza kulalia kuku.
"Utakulia humo humo," mama alisema,
kana kwamba gauni ni kijiji.

Kila korosho zikilipwa, uzi ulifumuliwa,
pindo moja likashuka:
juu rangi iliyopigwa jua,
chini utepe wa kijani kibichi,
na watoto wakanihesabu miaka
kama wanaohesabu pingili za muwa.
Somoe mapindo mawili!
Somoe mapindo matatu!
Lukia binti Chikawe alikuwa na sketi ya marinda,
marinda thelathini na mawili.
Niliyahesabu kwenye paredi, asubuhi,
ukungu ukiruhusu.

Nami nikaja kuipata sketi ya marinda.
Malipo ya pili yalikawia, yakaja
Lukia keshahamia kwenye sketi ya kubana.
Nikabana. Nikashindwa kupanda ngazi za ghala la chama,
wenzangu wananipita na magauni mapana
yanayofagia vumbi.
Raizoni nilivaa mwaka ule viatu vilipokuwa bapa,
nikawa mrefu peke yangu harusi nzima.
Kalikiti nilitia nimeshakuwa mwalimu;
mafuta yakachuruzika hadi kwenye daftari la mahudhurio,
na darasa la tatu wakaniuliza kwa huruma:
mwalimu, umenyeshewa wapi?

Hata matusi yangu yalichelewa.
Kanga niliyoagiza Lindi kumjibu mke mwenzangu,
SEMA USICHOKE, MIMI SISIKII,
ilifika tumeshapatana mwezi wa pili,
tunasonga ugali wa sufuria moja.
Nikaona haya. Nikaikata doti,
kipande chake, kipande changu,
tukaenda bombani na ndoo zetu
kila mmoja akimtukana mwenzake kwa mgongo,
tukicheka hadi maji yakamwagika,
na maji ya Newala si ya kumwagwa.

Mwaka huu nimefungua sanduku la mama.
Gauni lipo. Mabega sasa yanakaa mabegani.
Na chini kumbe limebaki pindo moja,
la mwisho, alilolikaza kwa uzi mweusi.
Hilo sikuwahi kulifikia.
Niliacha kurefuka kabla yake,
naye hakuniambia kwamba alinitarajia
mrefu kiasi kile.

Nimelifumua kwa wembe, polepole.
Ndani kijani ni kile kile cha dukani,
hakijaona jua, hakijaona mtu,
miaka arobaini na sita kimekaa gizani
hakijui kwamba kimepitwa.

Mjukuu wangu Mwanahamisi, yuko likizo,
anasoma Mtwara mjini, macho yake hayatoki kwenye simu.
Leo yametoka. Amelishika gauni, akaligeuza,
akapitisha kidole kwenye tepe, utepe baada ya utepe.
Bibi, amesema, haya ya mistari chini
ndiyo yanayotoka sasa hivi.
Livae. Livae leo hii twende sokoni.

Nimemwambia sawa, ngoja nilipige pasi.
Pasi yangu ya mkaa.
Na mkaa wenyewe
umelowa ukungu.