Tunakwenda Kutazama

Kila anayekuja Kibirizi kupima dagaa
huniuliza: Uingereza ulikuwa ukila nini?
Hujibu, viazi.
Wanacheka, wanaondoka wameridhika.

Wewe, Shangazi Mwanvua, hukuniuliza.
Uligeuza dagaa kwenye kichanja, ukasema tu:
Umekonda shingo.

Basi nikwambie.
Nilikula maharage ya kopo juu ya mkate uliobanikwa,
matamu kama mtu kayatilia sukari kwa bahati mbaya,
na wiki ya tatu niliyapenda. Usimwambie mtu.
Nilikula samaki aliyevishwa koti la unga,
hana kichwa, hana mkia, hana mwiba wa kumtaja ukoo,
kafungwa kwenye karatasi, siki inanipanda puani.
Nikamtafuta macho.
Mgebuka hukutazama unapomla; yule hakunijua.

Na ule mfuko wa dagaa ulioushona kwa uzi wa nyavu!
Usiku nilipowakaanga, mwezi wa kumi na moja,
king'ora cha moshi kililiza jengo zima.
Wanafunzi tisini nje kwenye baridi, na taulo, na ndala,
nami katikati yao nimeshika mwiko.
Ni Farzana peke yake, binti wa Sylhet,
aliyenusa hewa, akafumba macho.
Kwao nao huanika samaki.
Tuliumaliza mfuko kwa vidole, siku tisa,
mlango tumefunga, upenyo wa chini tumeziba kwa blanketi.

Huyo ndiye aliyenifundisha kutembea.
Si kutembea kwenda mahali, Shangazi. Kutembea.
Unafunga mkate na yai, unapanda basi,
unashuka mji usio na ndugu wala deni lako.
Whitby tulipanda ngazi mia na tisini na tisa,
nilizihesabu, miguu shahidi,
na juu kabisa tukakuta gofu la kanisa lisilo na paa.
Watu wanalipa kiingilio kuona nyumba iliyobomoka!
Nikakuwaza wewe na choo chetu cha Ujiji.

Kwenye benchi pale mzee mmoja, mbwa wake miguuni,
akaniuliza: Na kwenu, kuna nini cha kutazama?
Nikafungua mdomo.
Ziwa, nikasema. Refu.
Basi, nikaishia hapo.
Maji niliyoyanywa, niliyoyafulia,
niliyoyalaani mwaka ule yalipomchukua Hamduni,
sikuwahi hata siku moja kuyatazama.

Ndiyo maana Jumapili ile nilikujia na kapu.
Ukauliza, Msiba?
Hapana.
Harusi?
Hapana, tunakwenda kutazama.
Kutazama nani?
Ukavaa kanga mpya hata hivyo, kwa tahadhari.

Tukapanda kilima cha Bangwe, wewe mbele, mimi nahema,
mimi mwenye viatu vya kamba na shahada.
Tukakaa kwenye mawe.
Chini, ziwa likaenda, likaenda,
mpaka milima ya Kongo ikawa kama moshi uliosahau kupanda.
Ulinyamaza kiasi cha kunitisha.
Kisha ukanyoosha kidole:
Bati la akina Ntibashima limeng'oka upande wa nyuma.
Nitawaambia.

Ukaonja mkate wangu. Umelowa, ukasema,
ukautoa yai, ukala yai.
Halafu ukafungua pindo la kanga:
ugali wa muhogo, wa moto bado,
na dagaa waliopikwa kwa mawese na pilipili ya kuwasha masikio.
Tukala tukitazama. Mara mbili niliona
jicho lako limekwenda mbali, huko kina kilipo,
nikageuza langu.

Njiani kurudi, mama Bukuru akatusimamisha:
Mnatoka wapi, na kapu hilo?
Ukamjibu bila kupepesa:
Tulikwenda kumjulia hali mgonjwa.
Na chini ya kanga
ukanibana kidole.