Mvua Iliyoishia Mabegani

Kazi yangu kusukuma vitanda. Siulizi.
Napewa karatasi: chumba cha nne, Iorwerth Pugh,
apelekwe bustanini saa nne, arudishwe saa tano.
Mlango wa bustani ulipanuliwa
baada ya kitanda cha kwanza kukwama kama ng'ombe langoni;
fremu mpya nayo ina kovu, nimelitia mimi.

Aliye juu mngoje chini, husema watu.
Hawakusema ukishampokea umfanyeje.
Huyu alikaa juu miaka thelathini na minne,
akiezeka kwa vigae vya jiwe la buluu
makanisa ya Wales kaskazini, mazizi, nyumba za wajane,
hadi asubuhi moja ya Februari,
barafu nyembamba kama ngozi ya maziwa,
na ardhi ikamdaka vibaya.

Wiki kumi na moja dari ndilo lilikuwa mbingu yake.
Alilihesabu: vibao arobaini na vinane, kimoja kimepinda.
"Aliyekiweka hicho," aliniambia,
"alikuwa na haraka ya kwenda kula."

Nje, Heledd mtunza bustani ameyainua matuta,
kuta za mbao, kimo cha kiuno,
mwenye magurudumu ayafikie bila kuinama.
Yupo binti wa pikipiki anayepalilia
kwa uma uliofungwa mkanda kiganjani.
Yupo Bleddyn, aliyekanyagwa na fahali wake mwenyewe,
husinzia karibu na nanaa.
Hakuna anayemwambia mwenzake pole.
Pole zimebaki ndani, pamoja na maua ya dukani.

Heledd anasugua jani la nanaa, anamwekea Iorwerth puani.
Vidole vyake havilijui jani. Pua inalijua.
"Liki zako umezipanda juujuu," anasema. "Zitalala."
Heledd anang'oa moja, anachimba tena.
"Hivyo?"
"Zaidi. Mpaka shingoni."
Kisha kimya, maana neno shingo limepita hapo
kama mgeni asiyealikwa.
Aliyecheka kwanza ni yeye.

Jumanne ile karatasi ilisema saa tano,
wingu likashuka mlimani saa nne na nusu.
Nikafyatua breki.
"Acha."
"Utalowa."
"Kijana, nimekula kwa kuizuia hii.
Kila tone lililotaka kuingia kwa watu wa bonde hili
lilinikuta mimi kwanza. Linanidai."

Ikanyesha. Si kubwa; ile yetu, ya mba mba mba,
isiyo na miadi popote.
Ikampiga kipaji, kope, mdomo alioufungua,
shingo, ncha za mabega.
Hapo ikaisha.
Mimi niliiona ikiendelea:
blanketi likakolea weusi, kiganja kilicholala chali
kikajaa maji, kikafurika, mwenyewe hana habari.
Alikuwa amefumba macho, anatafuta ukingo.
"Hapa," akasema, kidevu kikielekea bega la kulia.
"Paa likivuja, kwanza unatia alama
maji yanapofikia. Tia."
Nikatoa kalamu ya kuandikia saa za kitanda,
nikamtia nukta.

Nilifokewa kwa sababu ya mashuka. Haki yao.

Mvua ya pili, nukta haikuhama.
Ya tatu, nilidhani imeachwa nyuma nusu ya ukucha;
daktari akasema huenda wino umefifia,
na Iorwerth akasema daktari ana macho ya mwenye njaa,
kama yule wa kibao cha arobaini na kitu.
Tukaiandika upya. Tunangoja.
Liki zimesimama wima.

Usiku nyumbani kwangu mvua hupiga juu,
nami nimelala mkavu, mwili mzima,
nasikiliza vigae kimoja kimoja.
Miaka tisa katika nyumba hii
sijawahi kuuliza ni nani aliyeiezeka.